Cha Kupanda Chini ya Mijakaranda

9 Januari

Mpenzi Chiriku,

Marahaba. Nimekuitikia mapema kwa sababu najua barua yako ijayo itaanza na shikamoo, na mimi sipendi kulala na salamu ya mtu. Mimi hapa nyumbani ni mzima. Goti la kushoto linalalamika kama kawaida yake, la kulia bado lina adabu. Cherehani inazunguka tangu asubuhi, maana shule zinafunguliwa na kila mama amekumbuka wiki hii kwamba mtoto wake amerefuka. Sketi za buluu zimejaa mpaka kwenye kiti chako, kwa hiyo ukija leo utakaa chini.

Miwani uliyonitumia imenikaa vizuri. Sasa naona tundu la sindano bila kumwita mtu. Asante sana mwanangu, na nasema asante hii mapema kabla sijaanza kukulalamikia.

Na yule fundi bomba uliyemtaja kwenye barua ya mwezi wa kumi na moja kisha ukamnyamazia? Mtu hatajwi mara moja tu bila sababu.

Haya, sasa niseme lililonikalisha kuandika. Mijakaranda ya baba yako inakauka. Unajua kaka yangu aliipanda yote mitatu wiki ileile alipomaliza kuezeka nyumba hii, na alipofariki, wewe na miti hiyo ndivyo alivyoniachia. Mwaka jana haikuchanua. Majani yametoka machache, na mti wa karibu na geti una matawi makavu upande mzima. Ardhi chini yake imekuwa ngumu kama sakafu. Nikimwaga ndoo ya maji yanakimbilia barabarani yote. Mizizi imejitokeza mpaka wateja wanajikwaa. Fundi seremala wa nyumba ya pili amekuja, ameitazama, akasema niikate kabla haijaangukia bati. Nimemwambia asubiri mvua ziishe. Zikiisha na miti haijachangamka, nimempa ruhusa aikate.

Wewe kazi yako ni bustani ya hoteli, na jua la huko unasema halina tofauti na hili letu. Nataka uniambie ninyi chini ya miti ya maua mnapanda nini, kitu cha kuipoza ardhi. Lakini nina masharti. Kisinifichie nyoka, kisichafue uwanja, na kisizidi kifundo cha mguu. Nataka niweze kuuona uwanja wangu.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Kwenye simu tunaanza kwa salamu tunaishia kwa kubishana, na salio linakatika nikiwa bado sijashinda.

Ni mimi Shangazi yako

2 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama ulishaitikia. Barua yako ilikaa mapokezi siku kadhaa. Walidhani ni ya mgeni kwa jinsi mwandiko ulivyonyooka, nikaona fahari hata nikasahau kuwakasirikia. Mimi ni mzima. Pampu ya kisima ilituharibikia, tukamwagilia bustani yote kwa ndoo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Halafu msimamizi wetu kanipa upande wote wa bwawa niutunze peke yangu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, kwa sababu kushika mkasi nilijifunza kwenye meza yako, ulipokuwa ukinizuia mkono mpaka niseme nakata wapi na kwa nini. Asante kwa hilo. Wenzangu hapa wanakata kwanza ndipo wanafikiri.

Kuhusu mafundi, pampu imepona.

Habari ya miti imenichoma. Nimeifikiria kila nikipita chini ya mijakaranda ya hapa. Haya ndiyo niliyoona yanafaa. Nyasi tusahau. Chini ya mti hazipati jua la kutosha, na hayo maji kidogo zitayagombania na mizizi. Viazi vitamu vingefunika haraka, lakini nakujua, siku ya kuvuna utashika jembe, na jembe litakata mizizi tunayotaka kuiponya. Nimekuchagulia karanga-maua. Ni jamii ya karanga isiyokuwa na karanga za kula, inatambaa chini kama mkeka, ina maua madogo ya njano, na inavumilia jua na kivuli. Haizidi kifundo cha mguu, nimeipima kwa mguu wangu. Upande wa ukuta, ambako jua la alasiri linapiga moja kwa moja, panda mishubiri.

Nimekuwekea vipandikizi kwenye gunia bichi, nitampa kondakta wa basi la asubuhi. Usichimbe mashimo makubwa. Tafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi, toboa kwa kijiti, ingiza kipandikizi, shindilia kwa vidole. Kisha weka matandazo juu ya ardhi yote, yaani majani makavu ya mijakaranda yenyewe, kimo cha kiganja, yasiguse shina. Hayo ndiyo yatazuia jua lisiuchome udongo mpaka karanga-maua zitakapoelewana na mahali.

Kuna jambo jingine nilitaka kuandika lakini karatasi imejaa.

Mwanao, Chiriku

25 Februari

Mpenzi Chiriku,

Marahaba. Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya vidole vinne chini. Nimeipima. Lakini sikuulizi, mtu mzima ana siri zake, na nyingine zinatengeneza pampu.

Gunia lilifika likiwa bado bichi. Kondakta kalibeba magotini mwake njia nzima, nikampa kikombe cha chai na asante mbili, yako na yangu. Umefanya kazi, mwanangu. Upande wote wa bwawa! Nimewaambia wateja wote, hata wale waliokuja kubadilisha zipu tu.

Nimepanda kama ulivyosema. Nimepanda kwa mistari, nimepima kwa futi yangu ya kushonea, vimekaa sawasawa kama vifungo vya shati. Kila jioni nafagia katikati ya mistari kwa uangalifu mkubwa, sijang'oa hata kimoja. Yale majani makavu nayaweka asubuhi na kuyaondoa jioni, maana nimeelewa kazi yake ni kuzuia jua, na jua likishazama hayana kazi tena. Ni kazi ya kuinama lakini uwanja unabaki safi.

Ila karanga-maua zako zimenuna. Zimekunja majani wala hazitambai kwenda popote. Fundi seremala amepita akaulizia hali ya wagonjwa. Nilimwona anaukumbatia mti wa getini, nikadhani anausikitikia, kumbe anaupima unene.

Labda ulinitumia za wanaume.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa ni salama, joto tu. Nimecheka kuhusu hizo za wanaume, nikamsomea mtu fulani naye akacheka, akasema anatamani kukuona. Tuendelee.

Najilaumu sikueleza vizuri. Matandazo hayaondolewi, Shangazi. Yanalala palepale usiku na mchana, mwezi mpaka mwezi, mpaka yaoze na kuwa udongo. Hivyo ndivyo mti unavyojilisha. Ukiyazoa jioni, unakizoa chakula chake kabla haujakigusa. Hapa kazini tunafagia njia tu. Chini ya miti ufagio haupiti.

Nakutumia gunia la pili la karanga-maua, na mishubiri sita kwa ajili ya ukutani. Safari hii karanga-maua usizipange kwa mistari, zitawanye tu, zenyewe zitajijazia. Na usijichoshe na usafi. Hakuna mgeni wa heshima anayekuja leo wala kesho.

Mwanao, Chiriku

30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Gunia limefika, asante. Mishubiri imeshika vizuri, inasimama pale ukutani kama askari. Karanga-maua za kwanza zimekufa zote isipokuwa tatu. Hizi za pili nimezitawanya kama ulivyotaka, nikaona aibu, nikazisogeza kidogo.

Majani nayazoa na nitaendelea kuyazoa. Hoteli yenu ina mlinzi getini na taa mpaka asubuhi. Mimi hapa nina goti la kushoto. Uwanja wangu nitaufagia kila jioni kama nilivyoufagia siku zote, na kama mmea hauwezi kuishi na ufagio basi utafute mmea mwingine unaoweza. Kazi yako si ndiyo hiyo?

Mvua zimeanza, zinanyesha na kuondoka na udongo. Fundi seremala ameweka alama ya chaki kwenye mti wa getini ili asisahau mahali pa kuanzia. Nimeifuta kwa khanga yangu mwenyewe.

Wateja wazima, cherehani nzima.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Leo sina habari nyingine, na kama zipo hazitaki kutoka mpaka hii moja itoke kwanza.

Tangu barua yako ya kwanza nilijua kinachoiua miti. Ndilo jambo lile nililoshindwa kuliandika nikasingizia karatasi imejaa. Ni ufagio.

Nisikilize kabla hujaikunja barua hii. Tangu nikiwa mdogo unafagia chini ya ile miti kila jioni. Majani yote yanakwenda, na kila ufagio unapopita unaondoka na udongo kidogo, hauonekani, lakini ni miaka na miaka. Mizizi haikujitokeza juu, Shangazi, ardhi ndiyo imeshuka. Juu yake jua linapiga kwenye udongo mtupu mpaka unakuwa tofali, ndiyo maana maji yanakimbia. Hakuna mmea wa kuvumilia hilo. Ningekutumia magunia kumi, yangekufa yote kumi.

Sikuandika mapema kwa sababu ningeandikaje? Wewe ndiye uliyeiweka hai miti ya baba. Ulikuwa unaimwagilia hata mwaka ule tulipokuwa tunachota maji mbali, nikikuona unagawa ndoo, hii ya kupikia, hii ya miti. Mtu aliyefanya hivyo unamwambiaje kwamba mkono huohuo ndio unaoidhuru? Nilitafuta mmea ambao ungenisaidia nisiseme. Haupo.

Majirani walikuwa wanakutania kwamba wenzako wote wanafagia asubuhi, wewe tu unafagia jioni. Nami nikadhani ni usafi tu umezidi. Najua unapenda uwanja ung'are. Lakini kati ya uwanja unaong'aa na miti ya baba, inabidi uchague kimoja, na mvua hazitakaa sana. Acha ufagio, Shangazi. Nakuomba kwa heshima zote.

Mwanao

20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilimuuliza kondakta, akasema amekuona kibarazani unashona, mzima, umemwitikia salamu lakini hukumpa kitu cha kuniletea.

Kama nimekuvunjia heshima naomba radhi. Nilichosema sikifuti, ila nasikitika kama kilikuumiza. Hata kama miti itakatwa, nataka barua zako ziendelee. Unaweza kuandika habari za zipu tu.

Chiriku wako

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Sikukasirika. Niliikunja barua yako nikaiweka chini ya cherehani, kila nikikanyaga pedali naiona. Nilikuwa sijui nianzie wapi, maana na mimi nina jambo ambalo karatasi zangu zilikuwa zinajaa kabla ya kulifikia.

Hukumbuki, ulikuwa na miaka sita. Baba yako hakuwa amemaliza miezi mingi kaburini. Asubuhi moja nilitoka kufungua dirisha la chumba chako kwa nje, lile lililokuwa likikwama, nikaona chini yake nyayo za viatu. Viatu vya mwanamume. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, amekanyaga na kukanyaga tena, kisha nyayo zikazunguka nyumba mpaka mlango wa jikoni. Hakuiba kitu. Sikuwahi kumjua ni nani. Ndani tulikuwa wewe na mimi tu, na watu wote walijua kaka yangu hayupo tena.

Tangu siku ile nikawa nafagia jioni. Nafagia mpaka ardhi inakuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, halafu asubuhi kabla hujaamka nazunguka nyumba nikiangalia chini. Kama ardhi ni safi, najua tulikuwa peke yetu usiku, naweza kuwasha jiko. Nyayo za paka nilizijua, za kuku wa jirani nilizijua. Zile za viatu zilirudi mara moja tu, getini, hazikuingia. Mwaka uliofuata nikatia kufuli jipya. Lakini sikuacha kufagia.

Sikukuambia kwa sababu ungelalaje? Na ulipokua sikukuambia kwa sababu ungeendaje kazini huko mbali ukiwa unaniwazia mimi? Siku uliyoondoka sikufagia. Niliziacha nyayo zako kutoka mlangoni mpaka getini, nikawa nazipita pembeni mpaka mvua ikaja.

Watu wanasema fundi wetu msafi, nami naitikia, usafi ni jibu jepesi. Ukweli ni kwamba naogopa. Nimeuandika, usome mara moja kisha uuache hapo. Ardhi ikifunikwa na karanga-maua zako sitaiona. Asubuhi nitatoka nitazame nini? Ndiyo maana niliyazoa majani kila jioni. Sikuwa mkaidi. Labda kidogo.

Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa najilinda kwa kitu ambacho kinaiua miti ya kaka yangu, na sijui nifanye nini. Nimemwomba fundi seremala anipe mpaka mwisho wa Julai. Amekubali kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani.

Wewe hukunikosea. Bora wewe umesema.

Shangazi yako

17 Juni

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye toroli nyuma ya kitalu, na msimamizi alipopita akanikuta nalia, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni kinyume chake. Hakuelewa, akaniachia mchana wote.

Kwanza nikueleze la kazi, kwa sababu la kazi lina jibu. Hapa chini ya madirisha ya wageni tumemwaga kokoto, ukanda mpana kuzunguka vyumba vyote. Miaka yote nimezichambua majani nikidhani ni urembo. Jana nikamuuliza mlinzi. Akasema zile kokoto ndizo mwenzake wa zamu. Hakuna mtu anayeweza kuzikanyaga kimyakimya, hata akivua viatu. Yeye anakaa getini akinywa chai, na mtu akipita upande wa pili anamsikia.

Basi tufanye hivi. Kuzunguka nyumba, chini ya madirisha yote na kutoka getini mpaka mlangoni, tumwage kokoto nene. Hapo hapataota kitu na hapatahitaji ufagio. Ukiwa ndani utasikia kila hatua, hutangoja asubuhi. Na chini ya mijakaranda, kuanzia kokoto zinapoishia, pawe pa karanga-maua na majani. Turudishe na udongo juu ya mizizi, taratibu, si mwingi, tuchanganye na mbolea iliyooza. Sijui kama miti yote itarudi. Ule wa getini unanitia wasiwasi. Lakini mizizi haikati tamaa haraka kama mafundi seremala.

Nimeomba likizo. Nakuja mwanzoni mwa Julai, na siji peke yangu. Yule fundi bomba ana koleo lake na mgongo mzima, na amekuwa akiniuliza tangu mwaka jana lini atakusalimia. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwanza niwe na uhakika. Ninao.

Sasa lile lingine. Nimekaa nikijaribu kukumbuka hata usiku mmoja nilioogopa katika nyumba ile. Nimetafuta kweli. Nakumbuka nikiogopa mtihani, nikiogopa mbwa wa njiani, nikiogopa sindano ya kliniki. Nyumbani, sikumbuki. Nililala dirisha likiwa wazi wakati wa joto, nikaamka nikakuta chai. Wenzangu hapa wanasimulia walivyokuwa wakijifunika shuka mpaka kichwani utotoni, mimi nawasikiliza tu, sina cha kuongeza. Nilidhani nyumba yetu haikuwa na hofu. Kumbe ilikuwepo, na ulikuwa umeibeba yote peke yako, kila jioni, umeinama. Sijui asante ya jambo kama hilo inaandikwaje. Asante, Shangazi. Asante kwa kila jioni.

Mwanao

22 Oktoba

Mpenzi Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kuandika tangu mlipoondoka kwa sababu nilitaka niwe na habari kamili, na miti haina haraka.

Mimi ni mzima, magoti yote mawili yameanza kuelewana tangu niache kuinama. Mwambie fundi bomba bomba la jikoni halivuji tena. Anajua kushika koleo na ana adabu, ila anakula taratibu mno, mezani nilikaa nikimngoja mpaka nikashona pindo. Nimempenda. Usimwambie mapema.

Mti wa getini haukupona. Ulikuwa umekauka mpaka ndani, fundi seremala akaukata mwanzoni mwa Agosti, na nakiri alikata kwa heshima, hakuvunja hata tawi moja la mwenzake. Nililia, sikuficha. Lakini miwili iliyobaki imechanua. Si sana, ule wa katikati una maua upande mmoja tu. Nimekaa chini yake leo kushona, maua yakawa yananiangukia kwenye kitambaa, na nimeyaacha yalipoangukia. Karanga-maua zimefunika mpaka kwenye mishubiri na zimeanza kuingia kwenye kokoto, nikazirudisha kwa mguu. Chini yake udongo ni mweusi na una unyevu. Nilitia kidole nikashangaa, sikujua uwanja wangu una udongo wa namna hiyo.

Kokoto zinafanya kazi. Wiki ya kwanza sikupata usingizi, paka alikuwa akipita nami nasimama na pasi mkononi. Sasa namjua muuza maziwa kwa mwendo wake, na fundi seremala, anaburuza mguu mmoja. Kuna mama analeta nguo za mapacha, huyo anakimbia. Kabla mtu hajapiga hodi nimeshajua ni nani, na wateja wanafikiri nina uchawi. Nimewaachia wafikiri hivyo.

Wiki iliyopita niliamka jua limeshapanda. Nilikaa kitandani nikijiuliza nimesahau nini. Nikanywa chai. Ndipo nikakumbuka sijatoka kuzunguka nyumba, na hata nilipokumbuka sikutoka.

Barua yako ya mwezi wa sita nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Unasema umetafuta usiku mmoja ulioogopa ndani ya nyumba hii ukaukosa. Chiriku, watu wamenishukuru kwa nguo za harusi na suti za kazi, nikiwakabidhi naona mwenyewe kwamba zimewakaa. Kazi ile nyingine sikuwa na wa kumwonyesha. Niliifanya miaka yote hiyo gizani, sikujua imetoka vipi wala kama imetoka, na ulipoandika vile ndipo nilipojua kwamba niliimaliza.

Shangazi yako anayekupenda